Siku Anyosisye Alipokataa Kuinuka

Habari za Anyosisye zikisemwa mbele yangu, zisemwe sawasawa au zisisemwe kabisa. Nimechoka. Juzi tu, hapa sokoni Tukuyu, mama mmoja muuza nyanya ananisimulia mimi kwamba kuna mwalimu wa Kyimo alimvunjia heshima mkwewe kwenye duka la fundi cherehani. Nikamuuliza, fundi gani huyo? Hamjui. Nikamwambia fundi mwenyewe ndiye huyu unayemuuzia nyanya zilizopondeka, na duka ni langu, na siku hiyo nilikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho. Akaniongezea nyanya.

Naitwa Mwanajuma. Babu yangu alitoka pwani na cherehani moja akaja kuwashonea watu makoti, maana baridi ya huku haina mzaha, na sisi wajukuu tumebaki hapohapo na sindano zetu. Anyosisye ni shoga yangu tangu tulipokaa dawati moja kidato cha kwanza. Mimi niliishia cha nne, yeye akaendelea. Ni Mnyakyusa wa Igogwe, wazazi wake wakulima wa ndizi, na mama yake alikuwa akifua mashuka pale hospitalini. Mwenyewe ni mfupi, mweusi wa kung'aa, sauti yake ya chini, na ana tabia moja iliyomponza tangu utotoni. Ukimwambia jambo, anakuuliza: "Nani alihakikisha?"

Hasemi kwa dharau. Anataka kujua. Lakini walimu walimchapa kwa swali hilo, na mchungaji alimtoa darasa la kipaimara kwa swali hilo, na shangazi yake mmoja mpaka leo hamsalimii kwa swali hilo. Mimi lilinichekesha. Nilimwambia shoga, wewe utaolewa na mtu bubu. Akaolewa na Lugano wa Kyimo, karani wa kupima majani ya chai, mtu mpole ambaye anaongea akiwa na la kuongea. Sikukosea sana.

Sasa hapo ndipo tunapofika kwa baba yake Lugano, mzee Ambindwile.

Asiyejua mila za huku nimweleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani mwanamke anajifunika khanga na kutoka njiani. Akiingia ndani mzee, mwanamke anainuka anatokea mlango wa nyuma. Wakiwa na la kuambiana, anatafutwa mtu wa kati wa kulipeleka neno, hata kama wote wawili wanasikia. Vijana wengi siku hizi wameacha, utawakuta sebuleni na wakwe zao wanaangalia taarifa ya habari. Mzee Ambindwile hakuacha. Na Anyosisye, na elimu yake yote, alikuwa anashika. Nimemwona kwa macho yangu anaingia katikati ya michai yenye umande, madaftari ya wanafunzi kichwani, kisa mzee anakuja kule mbele na fimbo yake. Nilimuuliza, wewe wa kuuliza nani alihakikisha, mbona hili huulizi? Akasema, "Mzee hanidhuru. Namheshimu, na yeye ananipisha vilevile. Heshima ya pande mbili hainichoshi." Niliona ni sawa.

Alikuwa anafundisha fizikia sekondari ya kata, na huku anasoma shahada ya uzamivu kwa chuo kimoja cha Dar es Salaam. Miaka yote hiyo watu walimuuliza anasomea nini, akawajibu kwa uvumilivu ambao mimi sina. Mimi nilimwelewa siku alipochukua kitambaa cha kuvutika mezani kwangu, akachora duara kwa chaki yangu.

Akanishikisha. Akaniambia, vuta juu na chini. Nikavuta, duara likarefuka na kubanwa mbavuni. Sasa vuta kushoto na kulia. Likapanuka na kufupika. Ndiyo namna ya kwanza, akasema. Sasa vuta mshazari, kona kwa kona. Likavutika kona kwa kona. Ndiyo namna ya pili. Akanieleza kwamba nyota nzito zikigongana huko mbali, anga lenyewe linatikisika, na mtikisiko unasafiri mpaka unatupitia sisi hapa bila kuhisi. Wanaita mawimbi ya mvutano. Kwa hesabu za Einstein, wimbi hilo linavuta kwa namna hizo mbili tu. Lakini kuna wataalamu wengine wamerekebisha hesabu za Einstein, wana nadharia zao za mvutano, na kwa hesabu zao namna zinaweza kufika sita. Mojawapo ni duara zima kuvimba na kusinyaa bila kubadili umbo. Nikamuuliza, sasa nani mkweli? Akacheka mpaka akakaa chini, maana nilikuwa nimeuliza swali lake.

"Ndilo ninalolitafuta," akasema.

Kuna mashine za kunasa mawimbi hayo, mbili Marekani, moja Italia, moja Japani. Zile za Marekani zimelazwa karibu upande mmoja, kwa hiyo zenyewe tu haziwezi kutofautisha vizuri namna hii na ile. Unahitaji na nyingine iliyolala vingine, halafu unalinganisha. Vipimo wanaviweka mtandaoni, yeyote anavichukua bure. Basi Anyosisye alivichukua, akiwa Kyimo, kwa kompyuta ambayo kitufe kimoja kilikuwa kimeng'oka, akaandika hesabu za kuwinda ile namna ya kuvimba katika kila wimbi lililonaswa. Zaidi ya hapo mimi sijui, na sijitii kujua.

Mtu aliyekerwa na jambo hili ni Nsajigwa, kaka mkubwa wa Lugano. Ana gari la kubeba viazi, yuko Kiwira barabarani, na ana mdomo. Alikwisha kuutangazia ukoo mzima kwamba shemeji yake hatamaliza. "Daktari gani hata panadol hatoi," ndiyo ilikuwa kejeli yake kila msibani na kila harusini. Lakini chini ya kejeli kulikuwa na jambo. Chuo kimoja Mbeya kilikuwa kimemuahidi Anyosisye kazi akipata shahada hiyo, na Lugano alikuwa ameshasema wazi kwamba mke akienda, na yeye anahama. Nsajigwa asingekuwa na mdogo wa kumtuma shambani na kwenye viazi. Huo ndio ukweli, mengine ni kutia chumvi.

Ikabaki kuitetea kazi yake. Huko chuoni mtu hapewi shahada mpaka akae mbele ya jopo la maprofesa, wamuulize, naye ajibu. Siku hizi wanaruhusu kwa mtandao. Mara ya kwanza ikaahirishwa kwa sababu alikuwa amejifungua. Mara ya pili umeme ukakatika Kyimo akiwa katikati ya maneno, na mtandao ukaondoka na umeme. Chuo kikamwandikia kwamba muda wake wa usajili umekwisha, wanampa nafasi ya mwisho. Akikatika tena au akiondoka mbele ya jopo kabla hawajamaliza, basi. Kazi yote ya miaka hiyo inakufa, na ya Mbeya inakufa nayo.

Nikamwambia njoo dukani kwangu. Kaka yangu Kheri ana steshenari ya kuchapa na kutoa kopi mlango wa pili, ana mtandao wa waya na betri ya akiba. Tukavuta waya mpaka kwangu. Asubuhi ya siku hiyo nilizima cherehani zote, nikawaambia mafundi wangu wakale ugali wa mapema, nikamwekea kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Alikaa mgongo kwa ukuta, uso mlangoni. Mlango wa nyuma ulikuwa kushotoni kwake, unatokea uani. Nje mvua ilikuwa inanyesha ile yetu ya Tukuyu isiyojua saa. Lugano alikuwa zamu kwenye mizani, kwa hiyo tulikuwa wawili tu.

Maprofesa wakatokea kwenye kioo, watu watano. Wakaanza. Kiingereza chao nilikuwa naokota neno hapa na pale, lakini uso wa shoga yangu niliusoma wote, na ulikuwa umetulia. Nikaanza kupumua.

Ndipo gari la viazi likasimama mbele ya duka.

Akashuka Nsajigwa, akazunguka, akafungua mlango wa pili wa gari, akamsaidia baba yake kushuka. Mzee Ambindwile miguu yake mibovu, anatembea kwa mtu na kwa fimbo. Nilitoka mbio kuwazuia. Nsajigwa akanipita kwa bega, akaniambia kwa sauti ya juu, "Dada fundi, nimemleta baba umpime koti la kipaimara cha mjukuu." Na kabla sijajibu alikuwa ameshamwingiza mzee ndani, amemkalisha kwenye stuli yangu katikati ya mlango, na yeye mwenyewe amesimama nyuma yake kuziba njia.

Nikaelewa palepale. Ninyi mliokulia huku mmeshaelewa pia. Hakuja kupima koti. Alijua siku, alijua saa, Lugano kwa upole wake alikuwa ameshawaambia nyumbani waombe dua. Alijua kwamba baba mkwe akiingia, mwanamke anainuka. Hakumkataza shemeji yake kusoma, hakumtukana, hakuvuta waya wa watu. Alimleta baba mwenye heshima zake tu, akamtumia kama rungu. Mpaka leo nikimwona Kiwira mikono inaniwasha.

Mzee aliinua macho akamwona mkwewe uso kwa uso. Anyosisye naye akamwona. Miaka yote ya kupishana kwenye michai, na ndiyo mara ya kwanza wanatazamana.

Profesa mmoja alikuwa amemuuliza swali na anangoja. Niliona mkono wa Anyosisye unakwenda kwenye khanga ya mabegani, mkono wenyewe tu, kwa mazoea. Akatazama mlango wa nyuma. Nilitaka kumwambia kaa, lakini lile halikuwa la kuambiwa na mtu. Nsajigwa alikuwa anatabasamu.

Anyosisye akaiacha khanga. Akarudisha macho kwenye kioo, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, samahani, naomba urudie swali. Akajibu.

Mzee akataka kuinuka. Magoti yakakataa, na nyuma yake mwanawe hakusogea hata hatua. Basi mzee akafanya ambalo sikuwahi kuona wala kusikia. Pembeni yake kulikuwa na kitenge cha sare ya harusi ya watu, kimekunjwa kinangoja mkasi. Akakivuta, akakikunjua, akajifunika yeye. Kichwa, mabega, mpaka magotini. Mwanamke hakuondoka, kwa hiyo aliyejificha akawa baba mkwe. Akakaa hivyo, na fimbo yake imetokeza chini.

Nsajigwa akanong'ona, "Baba, ona alivyokufanya."

Ikaendelea hivyo muda mrefu. Mvua juu ya bati, maprofesa wanauliza, shoga yangu anajibu, sauti yake ya chini imeanza kupanda. Kisha mwenyekiti wao, ambaye alikuwa mwanamke mtu mzima, akasema kwamba kwa desturi yao mtahiniwa anaeleza kidogo kwa Kiswahili, kwa faida ya wasikilizaji wa kawaida. Na profesa mmoja mwenye miwani akadakia, naye kwa Kiswahili, tena kwa dhihaka kidogo. Akasema, "Umetafuta hizo namna za ziada katika kila wimbi. Hukuziona. Kwa hiyo unatuomba shahada kwa ajili ya kitu ambacho hakipo?"

Nsajigwa alicheka kwa sauti. Nami, Mungu anisamehe, nilimwonyesha mkasi.

Anyosisye hakucheka. Alisogea mbele ya kioo.

"Sijasema hakipo," akasema. "Naomba nisiwekewe maneno mdomoni. Einstein alisema namna ni mbili, watu wakaitikia. Wengine wakasema ni sita, watu wengine wakaitikia. Mimi nimekwenda kutazama. Nimepima kila wimbi lililoonekana vizuri kwa mashine zaidi ya mbili, na ninasema hivi: kama kule kuvimba kupo, hakuzidi kiwango nilichokionyesha. Kabla ya hapo mtu angeweza kudai kikubwa kuliko hicho, na asingepata wa kumbishia. Sasa hawezi. Kuna nadharia ambazo kwa kazi hii zimebanwa, wenyewe wakarekebishe hesabu zao. Atakayekuja na mashine kali zaidi ataanzia nilipoishia mimi, hataanza upya. Ukiniambia hiyo si kazi, profesa, nitakuuliza na wewe: nani alihakikisha?"

Sijui kama maprofesa huwa wanajibiwa hivyo. Yule wa miwani aliinamisha kichwa, akaandika. Mwenyekiti akasema asante, tungoje nje ya kioo dakika chache washauriane.

Kungoja kule sitaki kukurudia. Waliporudi, mwenyekiti akatamka kwamba amefaulu, kuna masahihisho madogo, na kuanzia hapo akamwita Dokta. Kompyuta ikazimwa. Nilimkumbatia, nikalia, sioni haya. Yeye hakulia. Macho yake yalikuwa kwa Nsajigwa.

Nsajigwa alikuwa amekwisha kujikusanya. Akasema kwa sauti ya mkutano wa ukoo, huku watu wa madukani wameshaanza kujaa barazani kwa kusikia kelele: "Sawa, amefaulu ya Wazungu. Ya kwetu je? Mwanamke amemkazia macho baba mkwe. Amekaa mbele yake, amepaza sauti mbele yake, mzee mpaka amejifunika kama maiti. Mila iko wazi. Anadaiwa ng'ombe wa kusafisha hii aibu, na mume wake asitoke Kyimo mpaka ng'ombe atoke."

Kitenge kikasogea. Mzee akasema kutoka ndani, Kiswahili chake kizito cha Kinyakyusa, "Ni kweli. Ng'ombe atatoka."

Nsajigwa akawageukia watu wa barazani awaone.

"Lakini nauliza," mzee akaendelea. "Mimi nilijua mkwe wangu yumo humu? Sikujua. Nimeambiwa koti. Na yeye alijua nakuja? Hakujua. Nani alijua?"

Watu wa barazani wakamtazama mmoja tu.

"Nimekaa na watoto wake nyumbani kwangu," mzee akasema, "na huyu binti hajawahi kunikosea njia. Aliyenivua nguo leo ni aliyenipandisha kwenye gari. Nsajigwa, ng'ombe ni wako. Yule mwenye maziwa."

Mkuki kwa nguruwe. Nsajigwa akasema kitu kuhusu viazi vinavyoloa, akatoka kwenye mvua.

Mngedhani imekwisha. Mzee Ambindwile si mtu wa kuishia katikati. Akagonga fimbo chini, akaniita, "Fundi." Nikaitika, labeka baba. "Mwambie mkwe wangu hivi. La mwanangu nimelimaliza. Lakini na yeye aliniona, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na hakuinuka. Alete kuku mmoja, tufute."

Kuku mmoja. Nyumba nzima ya Kyimo ina kuku wanazurura. Nilimgeukia Anyosisye nikiwa nimeshajiandaa kumkonyeza akubali, tumalize, tunywe chai. Hakunitazama. Alikuwa amesimama, khanga yake bado mabegani, hakuitandaza kichwani.

"Mwanajuma, mwambie baba," akasema, "kwamba namheshimu kama jana. Kesho nikikutana naye njiani nitampisha, kwa kupenda kwangu. Lakini kuku sileti. Kuku ni wa kosa. Leo nilikuwa kazini kwangu, nimekaa mahali pangu, sikumfuata mtu. Nikileta kuku, binti yangu ataambiwa mama yako alikosa siku alipopata udaktari, na ataamini. Sileti."

Barazani watu waliguna. Kumkatalia mzee yule kuku mmoja, hadharani, baada ya kukutetea. Kazi ya mtu wa kati ni kufikisha neno kama lilivyo, kwa hiyo nikalifikisha, neno kwa neno, ingawa wote tulijua ameshasikia.

Fimbo ilizungushwa kidogo sakafuni. Nilihesabu nyuzi mezani nisije nikamtazama mtu.

"Mwambie nimesikia," mzee akasema.

Akaomba mkono wa Kheri, aliyekuwa amesimama barazani, wa kumwinua. Akatoka nje akiwa amejifunika vilevile, watu wakampisha, na kitenge cha watu cha harusi kikaenda naye Kyimo, nikalazimika kununua kingine. Ng'ombe wa Nsajigwa alitoka Jumamosi ya wiki ile, analia, na Lugano akahamia Mbeya na mke wake mwezi uliofuata. Kuku hajapelekwa mpaka leo, na hakuna aliyekuja kumdai.